Rangi mbili za pikapu ya mzee, na vumbi la uani kwetu

SEHEMU YA 1: Ugomvi wa rangi

Wiki hii sizungumzii uji wala homa za usiku. Nazungumzia gari. Tena gari bovu, lililokaa uani miaka saba likilaliwa na paka. Nivumilieni, mtaona kwa nini nesi anaongelea rangi ya gari kwenye ukurasa wa watoto.

Gari lenyewe ni pikapu, Peugeot 404, au Pijo kama wazee wanavyoita. Vijana wa sasa hamuijui. 404 ilianza kutengenezwa 1960, na huku kwetu ilijijengea jina kwenye mashindano ya Safari: ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1966 na 1967 dereva alikuwa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi hapahapa Tanzania. Kwa hiyo mzee wa miaka ile akiwa na Pijo, anatembea kifua mbele.

Ya kwetu ilikuwa ya marehemu baba mkwe. Alikuwa akileta nazi na machungwa kutoka Mkuranga kuja Kariakoo. Baba watoto ameamua kuifufua, iwe inakodishwa kwenye harusi na kupigia picha. Injini imewaka. Imebaki rangi, na rangi zenyewe ziwe mbili, chini moja na juu nyingine.

Basi jamani, nyumba iligawanyika. Baba watoto alitaka nyekundu chini, nyeusi juu. Shemeji yangu akasema nyekundu na nyeupe, na kila mtu akajua anaongea kama shabiki. Mpangaji wa chumba cha mwisho akajibu kwa kijani na njano. Hapo ndipo kelele zilipoanza. Ukiishi Kariakoo huwezi kupaka gari rangi mbili ukadhani umepaka rangi tu. Msimbazi iko hapa, Jangwani iko pale. Nyekundu na nyeupe ni Simba. Kijani na njano ni Yanga, na wapo watakaokuuliza habari za chama. Mimi nikasema basi iwe bluu na nyeupe tupumzike. Shemeji akacheka: "Shemeji, umehamia Azam lini?"

Mama mkwe alikuwa kimya anachambua mchele. Akasema bila kuinua kichwa: "Gari la mzee lilikuwa bluu ya mbingu. Mkilipaka nyeusi mtakuwa mmemzika mara ya pili."

Wote tukanyamaza. Maana gari tunalolijua sisi ni la njano iliyopauka, na paa jeupe. Hiyo bluu hakuna aliyewahi kuiona.

SEHEMU YA 2: Jinsi ya kuchagua, kwa wanaouliza

Wengi mmeniandikia mna gari la zamani nyumbani: Land Rover ya babu, Kombi, Datsun. Nimekaa na fundi rangi jioni mbili nikimuuliza maswali, nawapa nilichokiokota.

Kwanza, tafuta rangi ya kuzaliwa ya gari. Usiangalie nje. Inua mpira wa mlango, angalia nyuma ya kiti, chini ya zulia, ndani ya kisanduku cha dashibodi. Huko watu huwa hawapaki. Tulipoinua mpira wa mlango wa kushoto, bluu ikatokea. Bluu ya mbingu kabisa. Mama mkwe hakusema "niliwaambia". Aliweka kidole pale, akarudi ndani.

Pili, rangi nyepesi juu, nzito chini. Siyo urembo peke yake. Jua la Dar es Salaam mnalijua. Paa jeusi linameza joto, paa jeupe au la rangi ya maziwa linalirudisha. Ndiyo maana Land Rover nyingi za zamani mnaziona za kijani zenye paa jeupe. Chini nako ndiko kunakorukiwa na matope na kuchubuliwa na mizigo, rangi nzito inaficha. (Na hata paa likiwa jeupe, mtoto asiachwe ndani ya gari lililofungwa. Hata dakika za kununua vocha.)

Tatu, mstari wa kugawa rangi ufuate umbo la bodi. Pale chini ya madirisha kuna mkunjo wa bati, mstari upite hapo hapo, uendelee mpaka kwenye kasha la nyuma. Ukiuchora popote, gari linaonekana kama limefungwa kitambaa. Na usipake gari jeupe mstari mmoja wa rangi katikati, hilo litakuwa daladala, abiria watakupungia mkono.

Nne, nyepesi hupigwa kwanza. Ikikauka inafunikwa kwa karatasi na tepu, ndipo nzito ipigwe. Na subirini kipupwe, Juni mpaka Agosti, maana masika hewa ina unyevu, na rangi nyingine hupauka ikikutana na unyevu kabla haijakauka.

Tano, soma kadi ya gari. Rangi imeandikwa mle. Ukiibadilisha, taarifa zibadilishwe TRA, usije ukasimamishwa barabarani na gari lisilofanana na kadi yake.

Rangi yenyewe inachanganywa kwa sampuli. Sisi tulibeba mfuniko wa tenki la mafuta, ambao kwa ndani ulibaki na bluu yake, tukaenda nao madukani. Muuzaji anachanganya, anapaka kwenye kibati, anasubiri ikauke, analinganisha. Mkifanya hivyo, toka nje mwangalie kwenye jua. Taa ya dukani inadanganya.

Hapo tulikuwa tumekubaliana: bluu ya mbingu chini, maziwa juu. Maziwa siyo nyeupe, kwa hiyo hata Azam hawatatudai.

Nikadhani yamekwisha. Kesho yake asubuhi nimetoka zamu ya usiku, nakuta fundi ametandika vifaa uani na rundo la msasa.

SEHEMU YA 3: Kilichoko chini ya rangi

Sasa tumefika. Naomba msome taratibu.

Pembeni ya mlango, rangi ilikuwa imeanza kubanduka yenyewe. Kipande kimoja kina tabaka kama kitunguu: njano, kijani, bluu, halafu chini kabisa nyekundu ya kahawia, ile praima ya kwanza. Kila tabaka ni miaka ya mzee. Na kwa nesi, kila tabaka ni swali.

Rangi za zamani, hasa njano, nyekundu, rangi ya chungwa na baadhi ya kijani, mara nyingi zilitengenezwa kwa madini ya risasi. Risasi ndiyo iliyoipa njano ung'avu ule. Kijani nyingi za zamani zilikuwa njano hiyo hiyo iliyochanganywa na bluu. Praima za kuzuia kutu nazo zilikuwa na risasi. Kwa macho huwezi kujua ipi inayo na ipi haina. Kwa hiyo rangi ya gari la miaka ile ichukulie kuwa inayo, mpaka kipimo kiseme vinginevyo.

Rangi ikiwa imeshika kwenye bati, haina neno kubwa. Shida inaanza pale msasa mkavu unapoigusa. Inakuwa vumbi. Vumbi linatua kwenye mkeka, kwenye ndoo, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye sakafu anayotambaa mwanao. Mtoto wa mwaka mmoja anapeleka mkono mdomoni kutwa nzima, nyie wenyewe mnajua.

Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Linasema pia kwamba mtoto mdogo akimeza risasi, mwili wake unanyonya mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalisi ananyonya zaidi. Ikiingia, inakwenda kwenye ubongo, figo, ini na mifupa. Inapunguza uwezo wa kujifunza, inaharibu utulivu, inapunguza damu. Na mara nyingi haina dalili. Mtoto hatapika, hachemki. Unakuja kusikia miaka baadaye mwalimu anasema "huyu hatulii, hashiki".

Kwa mama mjamzito ni hivi: risasi iliyowekwa mifupani tangu zamani hutoka wakati wa mimba, ikaingia kwenye damu, ikapita kondo la nyuma mpaka kwa mtoto tumboni.

Hili si jambo jipya. Mwaka 1904 daktari mmoja wa Queensland, Australia, J. Lockhart Gibson, aliandika kwamba watoto aliokuwa akiwatibu walipata sumu ya risasi kutokana na rangi ya varanda na nguzo za nyumba zao. Zaidi ya miaka 120 iliyopita. Watoto walikuwa wanashika nguzo na kulamba vidole. Basi.

SEHEMU YA 4: Ua una watoto wangapi?

Ua wetu ni kama ua wowote wa nyumba ya Kiswahili hapa mjini. Korido katikati, vyumba huku na huku, nyuma kuna bomba, jiko la mkaa, kamba ya nguo. Familia nne. Watoto sita, wa mwisho ana miezi minane. Mpangaji wa chumba cha pili ana mimba ya miezi mitano. Na kila alfajiri mtu anafagia kwa fagio la chelewa, vumbi linanyanyuka, linaingia kila mlango.

Nikamwambia fundi: "Kaka yangu, subiri kwanza."

Hakupenda. Kazi ya uani ina unafuu, halipi nafasi ya gereji, na baba watoto alikuwa ameshakubali bei hiyo. Akaniambia, "Sista, nina miaka tisa nafanya kazi hii na sijaumwa." Nikamwambia namwamini, na sizungumzii yeye tu. Nikamwonyesha kile kipande chenye tabaka. Nikamwonyesha mtoto wa miezi minane aliyekuwa amekaa hatua tatu kutoka kwenye gurudumu, anacheza na kifuniko cha sufuria.

Akatazama. Akaniuliza polepole: "Na wangu mimi? Ana miaka miwili. Nikirudi ananipokea mlangoni, naye huwa simzuii."

Wapendwa, nimefanya kazi wodini miaka mingi, lakini swali lile lilinikalisha chini. Hakuwa anabisha tena. Alikuwa anahesabu miaka.

Sikumtisha. Nilimwambia mambo anayoweza kuyafanya kuanzia jioni ile: nguo za kazi zibaki kazini, avue na kuoga kabla ya kumbeba mtoto, nguo zile zifuliwe beseni lake, zisichanganywe na za mtoto. Asile na kunywa kwa mikono ya kazi. Na ampeleke mtoto kliniki aeleze kazi yake, aulizie kipimo cha damu cha risasi. Kipimo hiki hakipo kila kituo, lakini ukimweleza daktari kazi ya baba, atajua pa kukuelekeza. Bila kueleza, hakuna atakayekumbuka kuuliza.

Kisha tukarudi kwenye pikapu. Na hapa ndipo uchaguzi wa rangi ulipotuokoa kuliko tulivyojua. Baba watoto alikuwa bado anainong'oneza ile nyeusi yake. Fundi akamwambia ukweli: nyeusi inaonyesha kila bonde, ili ikae vizuri paa lote livuliwe mpaka bati na kupigwa puti. Lakini maziwa juu ya paa ambalo tayari ni jeupe, na rangi yake imeshika, linahitaji kusuguliwa kidogo tu kwa msasa wa maji. Yaani rangi nyepesi ilitupunguzia vumbi la paa zima.

Tukakubaliana hivi. Gari livutwe mpaka gereji ya Gerezani, mbali na vyumba vya kulala. Rangi iliyoshika isivuliwe. Inayobanduka isuguliwe kwa msasa wa maji, juu ya turubai, na tope lake likusanywe, lisimwagwe mtaroni. Hakuna grainda. Hakuna kuchoma rangi kwa moto, maana moshi wake ni mbaya kuliko vumbi. Gharama ikapanda. Baba watoto akaguna, tukakata kwenye rimu alizokuwa anazitaka.

Tulichoogopa ni mama mkwe. Alitaka kuliona gari la mumewe likirudi rangi yake machoni pake, uani. Nilienda kumweleza mwenyewe, nikaketi mkekani. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema: "Mwanangu, bluu nitaiona hata ikipigwa Gerezani. Mzee alilinunua gari lile kulisha watoto."

SEHEMU YA 5: Chupa ya maji isiyo na maji

Hii ningeweza kuiandika hata kama hatuna gari.

Thina na mafuta ya taa hupimwa kwenye chupa za maji na za soda. Fundi anaweka chini ya kivuli, mtoto ana kiu, chupa anaijua. Watoto wa namna hii tunawapokea.

Ikitokea, USIMTAPISHE. Usimtie kidole, usimpe maji ya chumvi. Usimlazimishe maziwa wala mafuta ya kula, najua bibi zetu walitufundisha maziwa, lakini kwa thina na mafuta ya taa yanaweza kumfanya atapike. Anapotapika, kile kimiminika kinapitia njia ya hewa na kuingia mapafuni, na mapafu ndiyo yanayoua. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi, nenda hospitali moja kwa moja na chupa yenyewe mkononi. Akikohoa, akipaliwa au akihema haraka, usisubiri hata dakika moja. Hata akionekana mzima, nenda, maana kifua kinaweza kubadilika saa kadhaa baadaye.

Ikimwingia machoni, mwagia maji safi yanayotiririka dakika 15 hadi 20, halafu hospitali.

Jambo la pili ni rangi za siku hizi zinazochanganywa na hadena, zile mafundi wanaziita 2K. Zinang'aa na zinadumu, lakini wakati wa kupuliza kunatoka kemikali inayoweza kusababisha pumu, na aliyekwisha kuipata anaweza kubanwa kifua kwa kiasi kidogo sana. Barakoa ya kitambaa haiizuii. Ya hospitali pia haiizuii. Kwa hiyo rangi ya kupuliza isipigwe kwenye ua wa watu. Mwenye pumu, mjamzito na watoto wakae mbali mpaka ikauke kabisa.

SEHEMU YA 6: Na wewe usiye na gari

Najua kuna anayesema, "Nesi, mimi sina hata baiskeli." Hebu angalia nyumbani. Nondo za madirisha. Geti. Kitanda cha chuma cha watoto ulichopewa na dada yako, kimepakwa mara tatu. Ukitaka kuvipaka upya mtoto akikaribia kuzaliwa, na wengi wetu hufanya hivyo, maneno ni yaleyale. Andika pembeni:

1. Rangi ya zamani iliyoshika, usiivue. Safisha kwa maji ya sabuni, paka juu yake.
2. Inayobanduka, sugua ikiwa imelowa. Kamwe usisugue pakavu.
3. Mjamzito na watoto wasiwepo. Kazi hiyo si ya mama anayejiandaa kujifungua, hata kama ana nguvu.
4. Ukimaliza, usifagie pakavu. Lowesha, futa kwa tambara bichi, futa tena, kisha tupa tambara.
5. Osha mikono ya watoto kabla ya kula, na vitu vya kuchezea pia.
6. Dukani uliza rangi isiyo na risasi, soma kopo. Kopo lisilo na maandishi, liache.
7. Mpe mtoto chakula chenye chuma na kalisi: maharage, dagaa, mchicha, maziwa. Hakiondoi risasi, lakini kinapunguza inayonyonywa.
8. Kama baba ni fundi rangi, fundi betri au mchomeleaji, mwambie nesi wa kliniki. Siyo kumsema vibaya. Ni taarifa kama uzito wa mtoto.

Mlioniuliza pikapu imefikia wapi: paa limeshapigwa maziwa, limekaa siku tatu, jana wamefunika kwa karatasi wakapiga bluu. Mstari umepita kwenye mkunjo wa mlango, umenyooka. Shemeji amekwenda kuangalia, amerudi anasema bluu ile haina timu. Mama mkwe atapelekwa Jumamosi.

Fundi naye ametundika shati la pili kwenye msumari wa gereji. Ndilo anarudi nalo nyumbani.

Mtumie baba watoto wako hii, na fundi wako pia. Maswali niandikie hapa chini, nikitoka zamu najibu. Kama jibu lako ni la haraka, mtoto amekunywa kitu sasa hivi, usiniandikie. Nenda hospitali.